Penina Anasoma Kila Jioni

Barua ya shule ilifika Jumatatu mchana, imekunjwa mara nne, na Bartolomayo akafanya kile ambacho baba yeyote mwenye mtoto msomi angefanya. Alimwita binti yake wa darasa la pili, akamkabidhi, akaketi kwenye kigoda kusikiliza.

Penina aliishika kwa mikono miwili. Akamtazama baba yake, akaitazama karatasi, kisha akasoma bila kukwama hata mahali pamoja.

"Kwako Baba Penina. Mimi Mwalimu Salha nakusalimu sana, wewe na mama. Mvua ikichelewa msikate tamaa. Naomba ufike shuleni Jumatano asubuhi, uvae vizuri. Asante."

"Barua hii ina adabu," Bartolomayo alimwambia mkewe, Elieth, aliyekuwa akipepeta uwele kando ya mlango. "Mwalimu ni mtu wa mjini, lakini amelelewa."

Basi Jumatano akavaa koti la kanisani, lile la kijivu, ingawa jua la Oktoba pale Haneti halimruhusu mtu mwenye akili timamu kuvaa koti. Kila aliyekutana naye njiani alimsalimu kwa sauti, "Mbukwenyi!", na aliyemuuliza aendako aliambiwa kwamba mwalimu amemwita kwa heshima. Moyoni alikuwa ameshajipangia kila kitu. Atashukuriwa, labda mbele ya wazazi wengine, naye atasema maneno mawili matatu ya unyenyekevu ambayo alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu alfajiri huku akikamua.

Tusimcheke sana, maana alikuwa na sababu. Mwezi wa pili, kwenye kikao cha wazazi, Mwalimu Salha alisema kwamba mtoto haachiwi shule peke yake. Kila jioni mzazi akae na mwanawe, amsikilize akisoma, kisha atie sahihi kwenye daftari. Wengi walitikisa vichwa wakaenda zao kwenye palizi. Bartolomayo hakukosa jioni hata moja. Ng'ombe wakishaingia zizini tu, kigoda kilitolewa nje, Penina akafungua kitabu. Sahihi hakuwa nayo, kwa kuwa hakuwahi kushika kalamu darasani, kwa hiyo alichora ile alama anayowatia ng'ombe wake, upinde wenye mistari miwili. Kufikia Oktoba daftari zima lilikuwa limejaa pinde.

Alikuwa na sababu nyingine pia, nzito kuliko hiyo. Mtoto wake wa kwanza, Violeth, alirudishwa darasa la pili. Wenzake wakamcheka. Akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, kisha kila siku, na mwisho akaacha kabisa, na hakuna aliyejua afanye nini. Sasa Violeth yuko Mlali, anapalilia mashamba ya watu na mtoto mgongoni. Bartolomayo alikuwa ameapa kwamba Penina hatafika huko, na hakuna kitu kingine duniani alichokitaka kwa nguvu namna hiyo.

Ofisini, Mwalimu Salha alisimama kumpokea. Alikuwa binti mdogo bado, wa miaka ishirini na kitu, mtandio wa bluu kichwani.

"Shikamoo, Baba Penina."

"Marahaba, mwalimu. Barua nimeipata. Na sisi tunakusalimu sana, mimi na mama yake. Na mvua tunaisubiri, hatujakata tamaa."

Mwalimu akamtazama kidogo, kama mtu aliyekuta ugali kwenye kikombe cha chai. Kisha akavuta kiti.

"Baba, nisikuzungushe. Penina hajui kusoma."

Bartolomayo akacheka. Alicheka vizuri kabisa, kwa moyo mweupe, akidhani mwalimu ana utani na watu wa Haneti. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Penina yupi?"

"Penina wako. Tumewapima mmoja mmoja. Nampa ukurasa, anautazama, ananitazama mimi, kisha ananisimulia mambo ambayo humo hayamo. Na kinachonichanganya ni kwamba mwezi wa pili alikuwa anakuja vizuri sana. Alikuwa ameanza kuunganisha silabi. Sijui nini kilimpata."

"Mwalimu," Bartolomayo akasema, sasa jasho la koti likianza kumtiririka, "mtoto huyo anasoma kila jioni mbele ya macho yangu. Anasoma mpaka majirani wanakuja kusikiliza. Hata barua yako hii, unadhani nani amenisomea?"

"Amekusomea yeye? Alisemaje?"

Bartolomayo akaitaja yote, kuanzia salamu mpaka kuvaa vizuri. Mwalimu akaiomba barua. Akaifungua, akaisoma kwa sauti, na humo hamkuwa na salamu ya mama, wala mvua, wala kuvaa vizuri. Kulikuwa na mistari mitatu mikavu. Mtoto wako hajamudu kusoma. Unaitwa shuleni Jumatano. Utasaini fomu ya kuridhia arudie darasa la pili.

Bartolomayo aliitazama karatasi ile. Karatasi ni ileile, alama nyeusi ni zilezile, na watu wawili wameitazama wakatoa barua mbili tofauti. Mmoja ni mwanawe anayempenda. Mwingine ni mwalimu wa serikali. Yeye katikati yao hana hata herufi moja ya kumsaidia kuamua. Kusema kweli aliamini kwamba mwalimu ndiye mwongo, ila hakuelewa faida yake ni nini.

"Kwenye fomu hiyo sichori kitu," akasema.

"Sikulazimishi leo," mwalimu akajibu kwa upole. "Ijumaa ya wiki ijayo nitampima tena, na wewe ukiwepo. Akisoma, anaingia la tatu na wenzake. Asiposoma, baba yangu, itabidi tukubaliane. Nikimpeleka la tatu hivi alivyo, atakuwa anakaa tu darasani."

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia dukani kwa Shaaban, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Haneti na biashara ya nguo na chumvi, na ambaye kwa siku nzima husoma gazeti la wiki iliyopita lililofungiwa sabuni. Akamwekea barua juu ya meza, akamwambia asome. Shaaban akavaa miwani, akasoma. Mistari ilikuwa mitatu, ileile mikavu.

Bartolomayo akatoka mbio. Ndiyo, na koti lake, na wanawake kisimani walimwona. Akafika nyumbani, akachukua kitabu cha Penina cha kusomea jioni, akarudi tena dukani akihema.

"Nitafutie fisi."

"Fisi gani tena, Bartolomayo?"

"Yule aliyenunua kiwanja Dodoma mjini. Alipofika kujenga akakuta simba naye ameuziwa kiwanja hichohicho. Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, sungura. Ukurasa wenye picha ya kuku. Majuzi alifikia pale simba anataka kuleta tingatinga."

Shaaban alifunua ukurasa wenye kuku. Akasogeza kitabu karibu, akakipeleka mbali. "Asha ana kuku," akasoma. "Kuku ana mayai sita. Mama anapika wali." Akapindua. "Basi."

"Na fisi?"

"Hakuna fisi."

"Tazama nyuma."

"Nyuma kuna baiskeli ya Juma." Shaaban akavua miwani. "Ndugu yangu, kitabu cha darasa la pili hiki. Huyo fisi na kiwanja chake wameingilia wapi?"

Ilikuwepo dakika, na Bartolomayo aliionea aibu baadaye, ambapo aliamini kwamba Shaaban naye hajui kusoma, kwamba miaka yote ile alikuwa anakodolea gazeti macho tu. Halafu akaanza kukumbuka mambo. Punda wa kwenye kitabu alichechemea mguu wa nyuma wa kushoto, sawasawa na punda wao. Mwanamke wa kwenye kitabu aligombana na jirani kwa ajili ya ungo, wiki ileile Elieth alipogombana na jirani kwa ajili ya ungo. Yeye alikuwa akishangaa na kusema, watu wanaoandika vitabu hivi wanatujua mno, sijui walipita lini. Aliwahi hata kumwambia Elieth wachunge midomo.

Jioni ile kigoda kilitolewa kama kawaida. Elieth alikaa karibu, naye ameshaambiwa. Penina akafungua kitabu, akamtazama baba yake, na bila shaka aliona kitu, maana alikifunga tena.

"Penina," Bartolomayo akasema, "fisi yuko ukurasa gani?"

Mtoto akakikumbatia kitabu kifuani.

"Sikupigi. Nataka kujua tu. Fisi umemtoa wapi?"

"Nimemtunga."

"Na punda?"

"Na punda."

"Kwa nini, mwanangu? Mbona unaniaibisha hivi?"

Penina akaanza kulia, na kilio hicho kilikuja na maneno yake ndani, yamevunjikavunjika. "Wewe ulisema ile siyo kusoma."

"Mimi?"

"Ulisema. Ulisema nigugumize kwa watu wengine."

Bartolomayo akageuka kumwuliza Elieth kwa macho, na Elieth, mwanamke asiyeficha neno, akatikisa kichwa kukubali. "Ulisema, Baba Penina. Nilikuwa hapahapa."

Ndipo ikamrudia. Mwezi wa pili, zile jioni za kwanza, mtoto alikuwa ameweka kidole kwenye kitabu na kusema ku, ku, kuku, a, na, ana, kuku ana, kisha kimya kirefu, kisha anaanza upya. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili akasaga meno. Siku ya tatu akasema basi. Maana kusoma alikokujua yeye maisha yake yote kulikuwa kumoja tu, kule kwa Lameck katekista, anayesimama Jumapili na kusoma somo kuanzia mwanzo mpaka mwisho kama maji ya bomba, hakwami, hakohoi. Hakuwahi kumwona mtu anayejifunza kusoma. Alijua watu wanaosoma na watu wasiosoma, na huyu mwenye kidole na ku-ku hakumfahamu ni wa kundi gani. Kwa hiyo akasema, na wala hakusema kwa ubaya, "Hiyo siyo kusoma, mwanangu, huko ni kugugumiza. Kagugumize kwa watu wengine. Hapa usome kama Lameck."

Na kesho yake Penina akasoma kama Lameck. Bartolomayo aliruka, akapiga makofi, akamwita Elieth aache chungu aje asikie. Mtoto alipewa karanga mkono mzima. Kila jioni iliyofuata alipewa sifa, na daftari likachorwa upinde.

Kumbe siku zile alizomkataza ndizo alizokuwa akisoma, na miezi ile aliyompigia makofi ndiyo aliyokuwa hasomi. Bartolomayo aliligeuza jambo hilo huku na huku, likamshinda. Mzazi aliyekaa ndani akalala hakumharibu mtoto wake. Yeye aliyejitoa kila jioni ndiye aliyeharibu. Sasa mtu afuate lipi?

"Basi gugumiza, mama," akamwambia kwa sauti laini, akimwita mama kama afanyavyo akimbembeleza. "Kuanzia leo nataka ugugumize tu. Nitapenda."

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Hayakwisha. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili, na kila jioni ilikuwa ileile. Penina aliweka kidole, akasema "A, sha, Asha," akainua macho kumtazama baba yake, akasema "ana," akamtazama tena, na hapo sauti ikaanza kuteleza, na Asha akawa ameamka asubuhi, amekutana na kobe, kobe anatafuta laini ya simu. Bartolomayo alimkatiza kwa upole. Akamkatiza tena. Alimsifu kila silabi mpaka sifa zikachosha. Alimwahidi viatu vipya. Siku ya tano alikaa kimya kabisa kama jiwe, akidhani ukimya utasaidia, na siku hiyo mtoto hakutoa hata neno.

"Labda kuna mtu ana kijicho naye," Elieth alisema. "Tumpeleke kanisani aombewe."

"Kijicho ni mimi," Bartolomayo akajibu, na hakula vizuri jioni hiyo. Alimwona Violeth kila alipofumba macho, pamoja na jembe lake. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtu asiyejua adui yake yuko upande gani ni mbaya kuliko ya kukutana na simba.

Ijumaa ikafika. Safari hii hakuvaa koti. Alimshika Penina mkono njia nzima, na mkono ule mdogo ulikuwa na baridi ingawa jua lilikuwa linachoma.

Mwalimu Salha alisikiliza habari yote ya Lameck na kugugumiza bila kucheka. Mara moja tu alifumba macho. "Kwa hiyo na mimi darasani alikuwa ananisomea kama katekista," akasema polepole. "Nami nikawa namwambia hapana, hapana, bila kujua anatafuta nini." Fomu ilikuwa juu ya meza, jina la Penina limeshaandikwa, na pale chini pa kusaini palikuwa peupe.

Akampa mtoto ukurasa ambao hakuwahi kuuona, mistari mitano. Penina akasimama katikati ya ofisi. Bartolomayo alikaa kwenye kiti upande mmoja, mwalimu upande wa pili.

"M, to, to," Penina akasema. Akamtazama baba yake. "Mtoto." Akamtazama mwalimu. "A, na." Akamtazama baba yake tena, akapepesa, na Bartolomayo akasikia ile sauti ikianza kuteleza, laini, kama maji ya bomba. "Mtoto ana fisi wake ambaye..."

"Simama hapo," mwalimu akasema.

Bartolomayo akainamisha kichwa. Imekwisha, akawaza. Akaitazama fomu, akaitafuta kalamu ilipo.

Lakini Mwalimu Salha hakuwa anaitazama fomu. Alikuwa anamtazama Penina kama mtu aliyeona nyayo mahali ambapo hakutegemea. "Penina, nani anajua kama umesoma vizuri?"

"Baba," Penina akasema mara moja.

"Anajuaje?"

"Uso wake." Mtoto akaonyesha kwa kidole, katikati ya nyusi. "Pale pakikunjana, siyo kusoma. Pakinyooka, ni kusoma."

Bartolomayo alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Miezi yote ile, jioni zote zile, mtoto alikuwa amefungua kitabu kwenye magoti na kumsoma yeye. Alijua lini fisi achelewe, lini simba aingie, lini jirani na ungo watajwe ili baba acheke. Hakukosea hata mstari mmoja wa uso wake. Na siku hizi tisa, alipokuwa akimwambia gugumiza tu, nitapenda, uso wenyewe ulikuwa unasema nini? Ulikuwa na hofu. Ulikuwa umekunjwa kuliko siku zote.

"Baba Penina," mwalimu akasema, "naomba usimame. Geukia ukuta."

"Ukuta?"

"Tugeuke wote wawili."

Akachukua nakala nyingine ya kitabu, akasimama akiwa ameelekea ukutani, mgongo kwa mtoto. Bartolomayo akasimama kando yake. Mbele yao palikuwa na kalenda ya mwaka jana na msumari. Hakuwahi kujisikia mjinga kiasi hicho tangu azaliwe, mtu mzima, mwenye ng'ombe ishirini na tatu, amesimamishwa ukutani kama mwanafunzi mtoro.

"Hakuna uso, Penina," mwalimu akasema. "Kuna kitabu tu. Soma."

Nje, kengele ya mapumziko iligongwa na watoto wakapiga kelele kuelekea uwanjani. Bartolomayo alitamani kugeuka mpaka shingo ikamuuma. Hakugeuka.

"M, to, to," sauti ikasema nyuma yake. "Mtoto." Ikakaa. "A, na, che, za. Anacheza." Ikakaa tena, ndefu, ndefu mno, na yeye akakaza vidole vya miguu ndani ya makubazi. "M, pi, ra. Mpira."

Hakujua kama ni kweli. Angejuaje? Ingeweza kuwa mpira, ingeweza kuwa kobe mwingine. Alimwibia mwalimu jicho na kuona kidole chake kikitembea kwenye nakala, kikingoja, kikitembea tena, na midomo yake ikitaja kila neno bila sauti kabla halijafika. Mstari wa pili. Wa tatu ulikwama katikati, ukarudi nyuma, ukajaribu njia nyingine, ukapita. Wa nne. Ilichukua muda ambao mtu angeweza kukamua ng'ombe wawili, na kulikuwa kubaya kusikiliza, kumekatikakatika, na Bartolomayo aliyesikia masomo ya kila Jumapili kwa miaka arobaini hakuwahi kusikia kusoma kutamu kuliko huko.

Mstari wa tano ukaisha. Mwalimu Salha akafunga nakala yake. Alinyoosha mkono nyuma kwenye meza, akaichukua ile fomu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nimemaliza," Penina akasema. Kisha, baada ya kusita, "Baba? Ulikuwa umekunja uso?"

Bartolomayo akapeleka kiganja kwenye paji la uso kujua, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujiona mtu anapomsomea. Akashuka nacho mpaka mashavuni, na kiganja kikalowa.

"Hapana, mwanangu," akasema, bado akiwa ameitazama kalenda. "Ngoja kidogo, nageuka sasa hivi."